Kaa Ndani, Usiharibu Picha

3 Februari

Kipanga mwanangu,

Salamu zako za simu nilizipata, ila simu yangu imekuwa kama mwanafunzi mtukutu: inasikia inapotaka. Ndiyo maana naandika. Barua haikatiki katikati ya sentensi, na ukinichoka unaweza kuiweka chini bila mimi kujua.

Mimi ni mzima. Goti la kulia linalalamika wakati wa kupanda ngazi, nami nimeliambia kwamba halikuajiriwa kuchagua kazi. Kitanda nimekihamisha tena. Sasa nalala chumba alichokuwa akilala kaka yako, chenye dirisha linalotazama barabara. Mwezi uliopita nililala chumba chako, na kabla ya hapo nilitandika godoro sebuleni. Usiniulize sababu. Nikilala mahali pamoja muda mrefu naona dari inanishukia. Sufuria kubwa zote nimempa mwalimu wa jirani, na viti viwili juu yake. Mtu mmoja hakalii viti vinane.

Sasa nieleze kazi yako. Watu hapa wananiuliza, "Yule binti wa marehemu kaka yako, uliyemlea, anafanya nini huko?" Nawajibu kwamba unapiga picha kwa droni. Wanatikisa kichwa kwa heshima, lakini najua hawajaelewa, kwa sababu mimi mwenyewe sijaelewa. Unasema picha yenu moja inaonyesha pande zote, mbele na nyuma, juu na chini. Nimefundisha jiografia muda wa kutosha kulitilia shaka neno hilo. Kila mwaka nilikuwa nikiwapa wanafunzi mpira na ukurasa wa gazeti, nikiwataka waufunike mpira bila kukunja karatasi wala kuichana. Walijaribu hadi kengele ikalia. Kitu cha mviringo hakikubali kulazwa mezani: ama ukunje, ama uchane, ama udanganye. Ramani zote zimechagua kudanganya, ila kwa adabu. Nyinyi mmechagua lipi?

Na huko uliko sasa, udongo una rangi gani? Maji yanaelekea upande gani? Usiniandikie kwamba "pako sawa tu." Ukinijibu hivyo nakupa sifuri.

Shangazi yako


14 Februari

Shangazi, shikamoo.

Sifuri siitaki, kwa hiyo naanza na udongo. Ni mwekundu na unang'ang'ania viatu kama mtoto aliyekatazwa kwenda sokoni. Mto siuoni, kuna mfereji tu nyuma ya nyumba ya wageni, na unaelekea mashariki. Nimehakikisha kwa dira. Chumba changu kina kitanda, ndoo, na tundu moja la umeme, na tundu hilo ni la betri za droni. Simu yangu inachajiwa mapokezi. Juzi nilikuwa kwenye machimbo ya kokoto, jana hotelini, kesho nipo kwenye shule mpya. Wiki hii nimeamka mara mbili nisijue mlango uko upande gani.

Kazi yenyewe iko hivi. Unaipandisha droni hadi mahali unapotaka, kisha unaiambia isimame. Hapo ndipo penye ufundi: isimame kweli, isisogee, kama msumari uliopigwa hewani. Halafu inageuka kidogo, inapiga, inageuka, inapiga, mpaka imalize duara. Inainamisha kamera, inazunguka tena. Inainamisha zaidi, inazunguka tena, na mwisho inatazama chini kabisa. Kila picha lazima irudie kipande cha ile iliyotangulia, ndipo kompyuta ijue pa kushonea. Zikishashonwa unapata tufe, na mtazamaji anakaa ndani yake kama kifaranga ndani ya yai, anageukia atakako. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba sisi tunakunja, tunachana, halafu tunaficha mshono.

Yapo mawili ya kukuchekesha. Kamera haiwezi kutazama juu kabisa, maana mwili wa droni uko juu yake. Utosi wa mbingu hubaki shimo jeusi, nami ndiye ninayelijaza mezani, kwa kuazima mawingu ya pembeni. La pili, chochote kinachotembea wakati droni inageuka kinaharibika. Hoteli ya jana imepata mbwa mwenye vichwa viwili, na mhudumu aliyebaki miguu tu, bila kiwiliwili. Mwenye hoteli akaniuliza kama mshahara wa miguu ni nusu.

Shangazi, usigawe kila kitu. Vile viti nilivipenda. Huku ninakolala, usingizi huja nikikumbuka kwamba hapo nyumbani kila kitu kiko palepale.

Kipanga


20 Februari, kwa barua pepe

Dada,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, usishangae nikikatisha. Nyumba imepata mnunuzi. Ndiyo, nyumba yetu. Usipige kelele kwanza, soma.

Paa linavuja vyumba viwili. Mwaka jana Shangazi alianguka ngazini akatuficha mwezi mzima. Nimeambiwa na jirani. Sasa anahamisha kitanda kila baada ya siku chache, anagawa vyombo, na jirani huyohuyo alimkuta amesimama uani na begi mkononi, hana anakokwenda. Nilipomuuliza kwa simu, akasema, "Nilikuwa naupima uzito wake." Dada, mimi nauza dawa, si daktari, lakini hiyo ni akili inayofunga mizigo.

Kwangu kuna chumba cha chini, hakina ngazi hata moja. Atakaa na sisi, mke wangu amekubali. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba na hati ina majina yetu wawili, si lake, kwa hiyo kisheria hakuna tatizo. Mnunuzi yuko nje ya nchi na hataki kusafiri. Anataka kuona paa, ua, uzio na barabara, kila pembe, kwa "ile picha ambayo mtu anageukageuka ndani yake." Nikasema moyoni, kumbe Mungu alimpa dada yangu kazi ile kwa ajili ya siku hii.

Mwambie Shangazi kwamba ni picha ya kumbukumbu. Mambo ya kuuza tutamwambia yakishakamilika, asije akahangaika. Unamjua. Ukimwambia mapema anatutungia mtihani.

Kaka yako


21 Februari, kwa barua pepe

Kaka,

Nilisoma nikiwa juu ya tangi la maji la watu, nusura niteremke bila ngazi.

Mimi sina nyumba, unajua. Nina begi, droni, na funguo za vyumba nisivyovijua. Mtu akiniuliza natoka wapi, akilini naiona ile ngazi ya mbele na Shangazi amesimama juu yake. Katika kazi yangu tufe zima linashikwa na nukta moja ya katikati isiyosogea. Shangazi ndiye nukta yangu. Ukimpeleka kwenye chumba chako cha chini, mimi nitakuwa nazunguka nini?

Lakini kuhusu paa umesema kweli, na la kuanguka sikulijua, limeniuma. Nitakwenda kupiga hiyo picha. Sijakubali kuuza; nimekubali kwenda kumwona kwa macho yangu, halafu mimi na wewe tuongee. Na hilo neno la kumbukumbu nitaliandika mara moja tu. Ana kwa ana siwezi, masikio yangu hunisaliti, yanakuwa ya moto na yeye anayaona.

Wewe Bwana Dawa, mbona hukumuuliza tu?

Kipanga


25 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nimepata siku chache kati ya kazi mbili, nakuja. Nitapiga tufe la nyumba, liwe la kumbukumbu. Droni nitaisimamisha kando ya nyumba, juu kidogo kuliko paa, ili paa lionekane, na ua, na uzio wote hadi barabarani. Ua ukiwa mtupu picha hutoka safi, kwa hiyo usihangaike kuniandalia chochote nje.

Udongo wa hapa ni wa kijivu. Maji sijayaona bado.

Kipanga


4 Machi

Kipanga mwanangu,

Marahaba, na karibu. Chumba chako kiko wazi, kitanda kimekirudia.

Nina maswali ya mwanafunzi anayekaa dawati la mbele. Droni yako huanza kugeukia kulia au kushoto? Kati ya picha moja na nyingine husubiri muda wa mtu kusema nini: "shikamoo," au "shikamoo, za siku nyingi, watoto hawajambo"? Duara linaloona ua vizuri ni la ngapi? Na wewe mwenyewe hujificha wapi usionekane?

Naona umetaja paa, ua, uzio na barabara. Kumbukumbu yenye uzio ni somo jipya kwangu. Kaka yako naye aliniuliza juzi kama nafahamu yalipo mawe ya mpaka wa kiwanja. Nikamjibu kwamba yapo palepale, hayana miguu. Nafurahi kuona familia yangu imeanza kuipenda jiografia.

Shangazi yako


17 Machi, kwa barua pepe

Kaka,

Nimefika kwenye kazi mpya, na jana usiku nimelishona tufe la nyumba. Kiungo cha kulifungulia nimekutumia asubuhi. Tafadhali ligeuze lote kabla hujampa mtu yeyote. Narudia: lote.

Ukilifungua unaona mbele ya nyumba, ngazi, lango, kila kitu shwari. Ukianza kugeuka kulia, Shangazi yuko kwenye tangi la maji, mkono kiunoni. Endelea. Yuko kwenye kamba ya nguo, anaanika kitambaa. Endelea. Yuko kwenye dirisha la jikoni, ananyooshea kidole mahali rangi inapobanduka. Endelea. Amekaa kwenye kiti, amekunja nne, kama anasubiri zamu yake kwa mganga. Kwenye uzio yuko pia, ila hapo mshono umempitia, kwa hiyo ni upande wa kulia tu. Na pale langoni kwa nyuma, wa sita, anatazama juu. Anaitazama kamera moja kwa moja, Kaka. Hacheki.

Utauliza nilikuwa wapi. Nilikuwa chini ya kibaraza cha mbele, nimejibana ukutani kama mwizi wa kuku ili nisionekane, macho yangu yako kwenye droni. Yeye nilimwomba akae ndani. Akasema, "Sawa, mama." Sawa yake ile tumeijua tangu utotoni, sijui ilikuwaje nikaiamini.

Naweza kumfuta. Nimejaribu. Nimemfuta kwenye kamba ya nguo na kwenye kiti, pakabaki safi kabisa, majani matupu na ukuta. Halafu nikakaa nikiutazama ule ua usio na mtu, nikajikuta nimeshika mdomo. Nikamrudisha. Wewe ukitaka afutwe, tafuta fundi mwingine.

Na jambo moja zaidi. Nimekaa naye siku zote zile. Akili yake haijafunga mizigo yoyote. Alinisahihisha matamshi ya jina la mto ambao nimefanya kazi kandokando yake.

Kipanga


18 Machi, kwa barua pepe

Dada,

Umeniua.

Kiungo chako nilikifungua nikiwa na wateja watano mbele yangu na mtoto mmoja anayelilia sindano. Nikaona ngazi, nikaona lango, nikasema kazi safi, nikamtumia mnunuzi palepale. Ule ujumbe wako wa "lote" nimeusoma jioni.

Mnunuzi amejibu. Anasema nyumba imempendeza, ila anaomba kujua: wale akina mama sita wanaofanana ni wapangaji, na watahama lini? Mke wake ameuliza kama ni mapacha.

Unacheka? Mimi sicheki. Nilimpigia Shangazi simu, na kwa bahati mbaya siku hiyo simu yake ilikuwa inasikia. Nikaanza kwa, "Shangazi, unatuaibisha." Akaniuliza, "Mbele ya nani?" Nikasema nina mteja. Akasema, "Asante, nilikuwa nataka kuhakikisha tu," akakata.

Sijaweza kulala. Nimepanga upya rafu yote ya dawa za kikohozi.

Kaka yako


24 Machi

Wanangu wote wawili,

Barua hii nimeiandika mara mbili kwa mkono, kila mmoja apate yake, asiwepo wa kusema mwenzake alimsomea vibaya.

Kwanza niwaeleze nilivyofanya, maana nimejivunia na sina wa kumsimulia. Chuoni kwetu alikuja mpiga picha mwenye kamera iliyokuwa ikizunguka polepole juu ya miguu yake, ili chuo kizima kiingie kwenye picha moja ndefu. Tulipangwa kama mwezi mchanga. Tukaambiwa, ole wake atakayesogea. Msichana mmoja aliyesimama mwisho wa kushoto, kamera ilipokwisha kumpita, alichomoka akakimbia nyuma ya migongo yetu wote, akasimama mwisho wa kulia kabla haijafika. Akatoka mara mbili. Aliadhibiwa vibaya, na chuo kizima kikamwonea wivu. Mimi nilikuwa katikati, nimebana mikono, sikusogea hata unywele. Kwenye picha sionekani. Mbele yangu kuna kofia ya mkuu wa chuo.

Kwa hiyo, Kipanga, uliponieleza namna droni yako inavyogeuka, nililijua somo tayari. Nilichohitaji ni mwendo wake tu, na hilo nililipata siku uliyofanya majaribio, ukinionyesha kwa furaha huku ukinielekeza kila kitu. Kiti nilikitoa mapema. Nilipita mlango wa jikoni. Goti lilipiga kelele, nikaliambia tutaongea baadaye.

Sasa nieleze kwa nini.

Nyumba si yangu, na sijawahi kusema ni yangu. Kaka yangu aliijenga, nanyi ni watoto wake. Mngetaka kuiuza, mngeniambia, "Shangazi, tunauza." Ningewajibu. Badala yake mmoja wenu ananiuliza habari za mawe ya mpaka, na mwingine anasimama kwenye mlango wa jikoni, masikio yamewaka kama mkaa, ananiambia, "Shangazi, kaa ndani kidogo, usije ukaharibu picha." Kipanga, neno hilo ulilisema kwa upole, ndiyo maana liliingia ndani sana. Nimepika katika nyumba ile, nimewaogesha, nimewafundisha kusoma kwenye ile ngazi. Halafu nyumba inapigwa picha na mimi ndiye uchafu wa kuondolewa.

Jioni ya kwanza tukinywa chai uliniambia kwamba mimi ni nukta yako ya katikati, kwamba wewe unaweza kuzunguka kwa sababu mimi nimesimama. Najua ulikusudia kunisifu. Usiku ule sikulala. Nilitembea chumba hadi chumba nikilifikiria, kwa kuwa kazi yako umenieleza vizuri mno: katika tufe lako kila kitu kinaonekana, nyasi, kokoto, hata kuku wa watu, isipokuwa kile kilichosimama katikati. Chenyewe hakimo. Nimekaa hapo miaka yote hiyo, mwanangu. Nilitaka mara moja tu niwe miongoni mwa vinavyoonekana.

Wewe Bwana Dawa umesema, naambiwa na yule jirani anayekupelekea habari zangu, kwamba akili yangu inahama. Hapo umekosea kiungo tu. Kinachotaka kuhama ni miguu. Kitanda nakihamisha kwa sababu nataka kujua inakuwaje mtu kuamka asijue mlango uko upande gani; dada yako aliniandikia hilo baadaye kama malalamiko, nami nililisoma kwa wivu. Vyombo nagawa kwa sababu havibebeki. Begi nililipima kweli. Nilitaka kujua naweza kulibeba mpaka kituoni bila kumwomba mtu. Naweza, nikiacha kamusi kubwa.

Yule msichana aliyekimbia nyuma ya migongo yetu anaishi kwenye mdomo wa mto, ule ambao nimeuchora ubaoni mara zisizo na idadi na sijawahi kuuona. Amefungua darasa la jioni la watu wazima wanaotaka kujua kusoma. Kila mwaka ananiita. Kila mwaka namjibu, "Nikiondoka, watoto wakirudi watamkuta nani?" Nanyi mkawa mnarudi kwa nadra, na mkirudi mnatazama saa, lakini mnaniuliza kama nyumba ni nzima. Mimi nawalindia nyumba, nyinyi mnanitunzia nyumba, na mvua inatunyeshea wote watatu.

Chumba cha chini ulichomtajia jirani nakishukuru, na mke wako namshukuru zaidi, maana yeye aliulizwa, akakubali. Siendi. Sijalea watu wawili ili nimalizie kwa kusikiliza mtu akitembea juu ya kichwa changu.

Uzeni. Lakini yule mnunuzi aambiwe kuhusu paa, na picha asiletewe nyingine. Wala sitaki kupokea habari yoyote kwa simu wala kwa barua pepe. Aje mmoja wenu, asimame mbele yangu, aniulize kwa mdomo. Nitakubali. Ila niulizwe.

Shangazi yenu


30 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba radhi, na bado naomba. Neno lile la mlangoni, kama ningeweza kulirudisha, ningelirudisha hata kwa kutambaa. Lakini nikiwa mkweli, barua yako imenikasirisha pia. Nilikuwa nimejiandaa kukupigania. Nilishatunga na maneno ya kumwambia Kaka. Kumbe anayetaka kwenda ni wewe, na anayelia kwa ajili ya nyumba ni mimi, ambaye silali hapo hata wiki mbili kwa mwaka.

Leo nilirusha juu ya mtaa mpya, nyumba zote paa moja, rangi moja. Upepo ukawa unaisukuma droni, picha hazikushikana hata moja. Nimerudia mpaka betri zikaisha. Bosi akaniuliza nina nini, nikasema upepo.

Nenda, Shangazi. Nakuambia kwa moyo wote, na nusu ya moyo huo inaniuma. Nina swali moja tu na sitaki unijibu kwa haraka. Likizo ikifika, watu wote wakafunga mizigo kwenda kwao, mimi nirudi wapi?

Kipanga


9 Aprili, kwa barua pepe

Dada,

Nimekwenda. Duka nimelifunga siku nzima, jambo ambalo sikulifanya hata nilipooa.

Nilimkuta kwenye ngazi. Nikasema, "Shikamoo Shangazi, nimekuja kuuliza." Akasema, "Marahaba. Uliza basi." Nikasema tunaomba kuiuza nyumba. Akasema, "Kwa nini?" Dada, sentensi zote nilizopanga njiani zilitoroka. Nikajikuta namwambia kwamba tangu nisikie alianguka, simu ikilia alfajiri nashindwa kuipokea. Nikalia, mtu mzima na miwani yangu. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Hilo ndilo ungeanza nalo." Akanipandisha darini nikaone panapovuja, nimpe mnunuzi maelezo sahihi, na akanishikia ngazi yeye mwenyewe.

Mnunuzi anachukua. Ameomba radhi kwa kumwita Shangazi wapangaji.

Nilimwambia nitampeleka hadi huko mtoni kwa gari. Akasema atapanda basi, akae dirishani. Sasa niko dukani na kila basi likipita natazama nje. Nilidhani nikishamaliza jambo hili nitatulia.

Kaka yako


2 Juni

Kipanga mwanangu,

Nimefika, nimelala, nimeamka, na kwa siku nne sikujua mlango uko upande gani. Ni vibaya kama ulivyosema. Siku ya tano nilijua, na nikasikitika kidogo.

Udongo wa hapa ni mweusi, laini, unakuja na maji kutoka mbali, pengine na ule mwekundu wako umo. Mto hauko kama nilivyokuwa nikiuchora. Mimi nilichora mstari mmoja unaoingia baharini kama mtu anayeingia kwake. Hapa maji hayajaamua. Yanagawanyika, yanarudi, yanaacha kisiwa leo na kukichukua kesho. Nimetembea kando yake kila asubuhi, mwenzangu, yule mkimbiaji wa chuoni, ananiuliza natafuta nini, namwambia nasahihisha. Darasani nina wanafunzi kumi na mmoja, mkubwa wao amenizidi umri, ananiita "binti," na anakataa kabisa kwamba herufi mbili zinaweza kutoa sauti moja. Tumegombana wiki nzima. Sijafurahi hivi tangu sijui lini.

Usidhani yote ni mazuri. Jioni moja nilishika simu nikutumie ujumbe kwamba taa ya kibarazani imeungua, nikakumbuka kibaraza si chetu. Nikakaa chini palepale nilipokuwa. Mwenzangu akazima redio, baadaye akaiwasha tena.

Uliniuliza swali ukaniomba nisilijibu haraka. Sikulijibu kabisa, kwa sababu nilikuwa sina mahali pa kukutajia. Sasa ninapo. Likizo ikifika rudi nilipo mimi, acha habari ya nyumba. Mwezi huu nipo nyumba ya pili baada ya kinyozi, mlango wa kijani, upige kwa nguvu kwa sababu ya hiyo redio. Godoro lako nimeshalinunua, liko nyuma ya kabati.

Mwezi ujao, uliza kwanza.

Shangazi yako